Prometheus ya mwaka 2012: je, lawama za mashabiki wa Alien ni za haki?

Mpenzi wa Sinema

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba tujadili filamu ambayo kila ninapoitaja mbele ya watu wanaopenda hadithi za anga, mazungumzo hugeuka kuwa ugomvi. Ni Prometheus, aliyoiongoza Ridley Scott na kuitoa mwaka 2012, miaka 33 baada ya yeye mwenyewe kuongoza Alien, filamu ya kutisha kuhusu zimwi linalowaua mabaharia wa chombo cha anga. Kwa asiyeifahamu, hii ni filamu tangulizi: sehemu kubwa ya matukio yake yanatokea mwaka 2093, karibu miaka 30 kabla ya yale ya Alien, na inamfuata mwanaakiolojia Elizabeth Shaw, aliyeigizwa na Noomi Rapace, anaposafiri na mpenzi wake Charlie Holloway hadi kwenye mwezi uitwao LV-223 kuwatafuta viumbe ambao wawili hao wanaamini ndio waliowaumba wanadamu. Viumbe hao wamewapa jina la Wahandisi, na gharama za safari zimelipwa na tajiri mzee, Peter Weyland.

Mashtaka dhidi yake mnayajua. Linalorudiwa sana ni ujinga wa wanasayansi. Watu wametua kwenye ulimwengu mgeni kabisa, na muda si mrefu Holloway anavua kofia yake ya anga kwa sababu tu vipimo vimeonyesha kwamba hewa ya ndani ya lile jengo inafaa kuvutwa, na wenzake wanamwiga. Fifield, mwanajiolojia aliyevirusha vile vyombo vidogo vya kuchora ramani ya mahandaki, ndiye anayepotea ndani ya mahandaki hayo hayo. Millburn, ambaye ni mwanabiolojia, anaondoka kwa woga mbele ya maiti ya Mhandisi aliyekufa miaka 2,000 iliyopita, kisha usiku huohuo anakutana na kiumbe hai mwenye umbo la swila na anaanza kumbembeleza kwa mkono. Na Vickers, mkuu wa msafara, anakimbia kwa kufuata mstari uleule ambao chombo cha Wahandisi kinabiringikia, badala ya kuchepuka kando.

Shtaka ambalo kwangu ni zito zaidi ni lile la kuua fumbo. Katika Alien tuliona mabaki ya jitu lililokaa kwenye kiti kikubwa, kifua kimepasuka kwa ndani, mwili kama umeota pamoja na kiti chenyewe. Hatukuambiwa ni nani, na kutoambiwa huko kulitutia hofu kuliko maelezo yoyote. Prometheus inakuja kutuambia kwamba tuliyodhani ni mifupa ni vazi, na ndani yake mna mtu mrefu mweupe ambaye vinasaba vyake vinalingana na vyetu.

Swali langu basi ni hili: kuna utetezi wa kweli wa filamu hii, usio ule wa kusema kwamba picha zake zinapendeza? Picha zinapendeza, hilo halina mgogoro. Maporomoko ya Dettifoss kule Iceland, pale mwanzoni Mhandisi anapokunywa yale majimaji meusi na mwili wake kumeng'enyeka hadi ndani ya maji, ni miongoni mwa mianzo mizuri niliyowahi kuona. Nataka kusikia utetezi wa hadithi.

Bi Nyota

Ndugu Mpenzi wa Sinema, utetezi upo, na ningependa kuutoa bila kuyafunika makosa yaliyo wazi. Fifield kupotea hakuteteeki, hasa ukizingatia kwamba ramani ile inaonekana pia kwenye chombo chao, na nahodha Janek alikuwa na uwezo wa kuwaelekeza. Suala la Vickers kukimbia bila kuchepuka mimi silipi uzito. Mtu aliyeangukiwa na kivuli cha kitu kikubwa kama mlima hapewi nafasi ya kupiga hesabu. Tuyaache hayo.

Nadhani watu wengi waliingia kuitazama Prometheus wakitaka waelezwe zimwi la Alien lilitoka wapi, na kwa kuwa jibu hilo lilitolewa nusu nusu, wakaona wamepunjwa. Mimi naisoma tofauti. Kumbukeni kwamba katika Alien, pigo kubwa kuliko yote halikutoka kwa zimwi. Lilitoka pale Ripley, shujaa wa filamu ile, alipoiuliza kompyuta ya chombo na kugundua kwamba kampuni iliagiza kiumbe yule aletwe nyumbani, na kwamba uhai wa mabaharia haukuwa na thamani mbele ya agizo hilo. Na aliyekuwa akilitekeleza ni Ash, roboti mwenye sura ya mtu, waliyekuwa wakila naye meza moja. Prometheus ni tangulizi ya agizo lile. Inauliza dharau hiyo, ya aliye juu kumwona aliye chini yake kuwa kifaa cha kutumiwa na kutupwa, ilianzia wapi, na jibu lake ni kwamba ilianzia juu kabisa, kwa waumbaji wenyewe.

Tazama jinsi mnyororo ulivyofungwa. Wahandisi wamewaumba wanadamu na baadaye wakaandaa shehena ya sumu ya kuwaangamiza. Wanadamu wamemuumba David, roboti aliyeigizwa na Michael Fassbender kwa namna ambayo hata maadui wa filamu hii huisifu, na wanamkebehi usoni. Weyland, katika ile picha yake ya kurekodiwa inayowahutubia wasafiri, anasema kwamba David ndiye aliye karibu zaidi na kuwa mtoto wake wa kiume, kisha hapohapo anaongeza kwamba hana roho. Maneno hayo David anayasikia akiwa amesimama palepale. Baadaye tunakuja kujua kwamba Vickers, aliyekuwa ukumbini humo humo, ni binti yake wa kumzaa. Kwa sentensi mbili mzee amewaumiza watoto wote wawili, na filamu haikuhitaji muziki wala machozi kutuonyesha hivyo.

Kisha kuna yale mazungumzo ya David na Holloway kwenye meza ya mchezo wa biliadi. Holloway amelewa kwa huzuni, kwa kuwa amevuka anga lote na kukuta Wahandisi wamekufa. David anamuuliza ni kwa nini wanadamu walimtengeneza, naye anajibu kwa kejeli kwamba walimtengeneza kwa sababu waliweza. David anamtaka afikirie angejisikiaje kama angepewa jibu hilohilo na muumba wake. Holloway hasikii uzito wa maneno hayo, anacheka, na dakika hiyohiyo anaambukizwa kwa tone moja la yale majimaji meusi, ambalo David ameliweka kwenye kinywaji chake. Anayetafuta kiini cha filamu hii asiende mbali na meza ile.

Ukiishaikubali sura hiyo, hata ujinga wa mabaharia unapata nafasi yake, ingawa haugeuki kuwa werevu. Watu 17 wamelazwa usingizi kwa zaidi ya miaka 2, na wengi wao hawajui wanakokwenda hadi wanapoamshwa na kukutana na hotuba ya mzee. Fifield anatamka bila haya kwamba alifuata fedha. Hii si timu ambayo chuo kikuu kingeipeleka kutafuta uhai. Ni kundi lililokusanywa na mtu ambaye hakuwa na haja ya utafiti wowote, aliyejificha ndani ya chombo kilekile akingoja kupelekwa mbele ya muumba ili aombe kuongezewa umri. Kilichohitajika kwa Weyland ni David na ramani, na waliobaki walikuwa abiria wa kusindikiza.

Na hapo ndipo naiweka ile sehemu ya upasuaji, ambayo kwangu inazidi chochote kilichofanywa katika mfululizo huu tangu kifua cha Kane, baharia wa Alien, kilipopasuka mezani. Shaw ni mwanamke asiyeweza kuzaa, na jambo hilo limeshatajwa kwa uchungu. Anaambiwa na David, kwa utulivu wa daktari, kwamba ana ujauzito, alioupata kwa Holloway aliyekwisha kuambukizwa, na kwamba kilicho tumboni si cha kawaida. Anatoroka hadi kwenye kitanda cha upasuaji kinachojiendesha, katika makazi ya kifahari ya Vickers, na mashine inamjibu kwamba imepangwa kwa ajili ya mwili wa mwanamume tu. Mtazamaji wa haraka huona hilo kama kikwazo cha kuongeza mchecheto. Lakini kwa nini mwanamke tajiri awe na kitanda ambacho hakiwezi kumtibu? Kwa sababu si chake. Kiliwekwa kwa ajili ya baba. Shaw analazimika kuiagiza mashine imtoe kitu kigeni tumboni, akiwa macho, akishuhudia. Mtu mmoja amepandwa mbegu na kiumbe aliyeumbwa na mtu mwingine, kwa manufaa ya mzee anayetaka kuishi milele, na mashine pekee ya kumwokoa haimtambui kuwa mtu wa kuokolewa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu hii inauliza itakuwaje iwapo zimwi linalokujua kuliko wote ndilo lililokuumba, na limeshakata shauri la kukumaliza.

Kuhusu fumbo la jitu kwenye kiti, ningeomba mashabiki waangalie tena. Alien inatua kwenye mwezi mwingine, LV-426, na Prometheus inatua LV-223. Mhandisi wa Prometheus anatoka kwenye chombo chake na kufia katika makazi ya dharura ya Vickers, ilhali yule wa Alien alifia kitini, mbele ya shehena ya mayai. Si yeye. Hatujaambiwa yule wa zamani alikuwa akienda wapi wala nani alimpakia mzigo ule.

Mkosoaji Mstaafu

Bi Nyota, heshima yako. Umeandika utetezi mzuri wa filamu ambayo ningependa sana kuitazama, lakini siyo ile niliyoiona. Kukusudia si kutekeleza. Kama Weyland alikusanya watu dhaifu kwa makusudi, basi mtu mmoja ndani ya hadithi alipaswa kuling'amua hilo na kulisema. Badala yake, Millburn na Fifield wanapofanya vituko vyao, filamu inaendelea kututaka tuogope kwa ajili yao kana kwamba ni watu wa busara waliopatwa na bahati mbaya.

Najua hoja itakayokuja, kwa hiyo niitangulie. Utasema hata katika Alien watu walifanya upuuzi: Kane aliuinamia uso wake juu ya yai, Dallas alidai mlango ufunguliwe kinyume cha kanuni za karantini, Brett alikwenda peke yake gizani kumtafuta paka. Ni kweli. Lakini wale walikuwa wafanyakazi wa chombo cha mizigo, wanaogombea posho zao tangu mwanzo wa filamu, na hakuna aliyewaita wataalamu. Zaidi ya hayo, Ripley alisimama upande wa pili wa mlango na kukataa. Mtazamaji alikuwa na mwakilishi ndani ya chombo. Prometheus haikunipa mwakilishi.

Na Shaw, baada ya upasuaji ule unaousifu, anaingia akiwa na damu mwilini katika chumba alimo Weyland, na hakuna anayeshtuka kiasi cha kwenda kuangalia ni kitu gani kimetolewa tumboni mwake na kiko wapi. Muda mfupi baadaye anakimbia na kuruka mitaro, tumbo limefungwa kwa pini za chuma. Uchungu ule wote unafutwa kwa mahitaji ya sehemu inayofuata. Sitaji vipodozi vya uzee alivyopakwa Guy Pearce, aliyemwigiza Weyland, maana hilo ni suala la ladha, ingawa ladha yangu ilikataa.

Swali moja bado halijajibiwa na mtetezi yeyote niliyemsoma: michoro ya kale iliyopatikana kwa Wamisri, Wamaya, Wasumeri na wengine, pamoja na ile ya kisiwa cha Skye huko Scotland, yote inaelekeza LV-223, ambako filamu inatuambia kupitia Janek kwamba ni ghala la silaha. Nani humwelekeza mgeni kwenye ghala la silaha?

Fundi Skripti

Naomba niingize historia kidogo, kwa kuwa baadhi ya nyufa mnazozijadili zina chanzo kinachojulikana. Muswada wa kwanza uliandikwa na Jon Spaihts, nao ulikuwa tangulizi ya moja kwa moja, wenye viumbe tunaowatambua kutoka Alien. Baadaye Damon Lindelof aliitwa kuuandika upya, na mwelekeo ukabadilika: viumbe wa zamani wakasogezwa pembeni, na maswali kuhusu uumbaji yakaletwa mbele. Filamu tuliyonayo ina mifupa ya muswada wa kwanza na nyama ya wa pili. Ndiyo maana kuna nyakati ambapo inakumbuka ghafla kwamba ilipaswa kuwa filamu ya kutisha, inamkamata mhusika aliye karibu na kumlisha kwa kiumbe, kisha inarudi kwenye falsafa yake.

Kuhusu Millburn, ipo sehemu iliyokatwa, ambayo iliwekwa baadaye kwenye diski za Blu-ray, inayomwonyesha akigundua kijidudu kidogo ndani ya lile jengo na kufurahi kama mtu aliyeona uhai wa kwanza nje ya Dunia, jambo ambalo kwa mwanabiolojia ni kilele cha maisha. Ukiitazama hiyo, tabia yake mbele ya yule swila inakuwa ya mtu aliyelewa mafanikio. Haimfanyi awe mwerevu, ila inamfanya aeleweke. Kuikata kuliokoa dakika chache katika filamu ya dakika 124 na kukamgharimu mhusika mzima.

Hali ni hiyohiyo kwa Mhandisi anapoamshwa. Lugha ambayo David anamsemesha nayo ilitayarishwa na mwanaisimu Anil Biltoo, kwa kutumia mizizi iliyofikiriwa upya ya lugha za Kihindi na Kiulaya, na Biltoo huyohuyo anaonekana kwenye filamu kama mwalimu wa David. Kwenye sinema hatukupewa tafsiri. Biltoo alieleza baadaye kwamba David anawasilisha ombi la Weyland kwa uaminifu: mtu huyu amekuja kwa sababu hataki kufa. Katika sehemu ndefu iliyokatwa, Mhandisi anajibu na kuuliza kabla ya kushambulia. Toleo la sinema lilimwondolea maneno yote, naye akang'oa kichwa cha David na kumpiga nacho Weyland bila kutamka neno. Hapa mimi nasimama na mkataji wa filamu. Mungu anayeeleza sababu za hasira yake hupungua ukubwa, na kifo cha Weyland, aliyepigwa na mtoto wake wa kutengenezwa mikononi mwa muumba wake, hakihitaji maelezo.

Bi Nyota

Mkosoaji Mstaafu, umesema filamu haikukupa mtu wa kusimama mlangoni. Inaye, na ni Vickers. Holloway anaporudishwa akiwa ameanza kuoza, ni yeye anayeshika silaha ya moto na kukataa asiingie, na anapozidi kusogea, anamchoma. Alifanya kile hasa alichokifanya Ripley, tena kwa gharama kubwa zaidi, lakini kwa kuwa ana ubaridi na kiburi hatukumpenda, na kifo chake kikawa kichekesho cha mitandao. Hata kwenye kofia, Shaw alimkanya Holloway waziwazi. Waliosema hapana wapo, hawakusikilizwa.

Juu ya michoro, naona unachukulia kwamba wageni walialikwa. Huo ni ufasiri wa Shaw na Holloway, na filamu inajitahidi kutuonyesha kwamba wawili hao waliamini walichotaka kuamini. Shaw anakiri kwamba hicho ndicho alichochagua kukiamini. Tunajua tu kwamba viumbe wakubwa walionyesha nyota kadhaa kwa watu wa kale. Inawezekana kabisa Wahandisi walibadili nia baadaye. Aliyekutwa hapo alikufa yapata miaka 2,000 iliyopita, muda mrefu baada ya michoro mingi kuchorwa. Ridley Scott amewahi kueleza kwamba walifikiria kuihusisha tarehe hiyo na Yesu, wakaliacha wazo hilo kwa kuona lingekuwa wazi kupita kiasi. Kubadili nia kwa mzazi dhidi ya mtoto ndiyo hadithi yote.

Kuhusu Shaw kukimbia na pini tumboni, sina jibu.

Mkosoaji Mstaafu

Hoja ya Vickers naipokea kama hoja, na nitaitazama tena sehemu ile. Lakini unapolazimika kusema «inawezekana kabisa» ili mlango wa kuingilia hadithi ufunguke, mwandishi amekuachia kazi yake. Na Alien: Covenant ya mwaka 2017 iliyaacha maswali hayo yote njiani: Shaw ameshakufa kabla hadithi haijaanza, mji wa Wahandisi unateketezwa na David katika kumbukumbu fupi, na tunarudishwa kwa zimwi. Hata watengenezaji walikata tamaa na njia hii.

Fundi Skripti

Hawakukata tamaa kabisa. Alien: Romulus ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Fede Álvarez, imeyarudisha yale majimaji meusi katikati ya hadithi, na mashabiki walewale walioyacheka mwaka 2012 waliyakubali bila kelele. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliipa Prometheus nyota 4 kati ya 4 wakati ule ule ambapo mashabiki walikuwa wakiichana, nadhani kwa sababu aliitazama kama filamu ya maswali, bila kuidai risiti za Alien.

Mpenzi wa Sinema

Nashukuru kwa michango. Nina mdogo wangu ambaye hajaona filamu yoyote ya mfululizo huu. Mngemshauri aanze na ipi?

Bi Nyota

Aanze na Alien, tena usiku. Akianza na Prometheus kwa kufuata miaka ya hadithi, atamwona David kwanza na atamtambua Ash mapema, na ugunduzi kwamba Ash ni roboti utakuwa umeharibika. Prometheus aipe nafasi ya pili, na Aliens ya James Cameron ingoje kidogo, kwa kuwa ina wanajeshi na mbio nyingi, na ukitoka hapo hamu ya kumsikiliza David akizungumza polepole huwa imekwisha.